Poda ya Ezéchiel

Mahmoud hakuwa amemwiba mtu. Zabibu Motaung alilijua hilo kabla hajamaliza swali lake la pili, kwa sababu mwizi wa wachezaji asingempa mpelelezi kisogo na kuendelea kufundisha watoto kurusha mpira wa kikapu.

Walikuwa kwenye uwanja wa saruji nyuma ya mabweni ya wanafunzi, Braamfontein, Johannesburg. Baridi ya Julai ilikuwa imekaza na jua lilikuwepo kwa jina tu. Zabibu alivuta kola ya koti. Alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, aliyewahi kuwa polisi kabla ya kufungua ofisi yake ya upelelezi mitaa miwili kutoka hapo. Baba yake Msotho alikwenda uhamishoni Tanzania wakati wa mapambano, akaoa Morogoro, akarudi na mke, watoto na Kiswahili. Kiswahili hicho ndicho kilichomletea Zabibu wateja, watu wa Kongo, Burundi na Kenya ambao kituoni waliambiwa warudi kesho mpaka wakachoka.

"Kocha Steve anasema Ezéchiel yuko kwako," alisema.

"Steve husema hivyo kila akikimbiwa." Mahmoud aligeuka, akaupiga mpira chini mara moja na kuudaka. Alikuwa Mtanzania mfupi, kocha wa timu ya vijana, mwenye filimbi shingoni na sauti iliyokwaruza. "Amekuleta huku ili upoteze muda, dada yangu. Umepata baridi bure."

Kijana aliyetafutwa hakuwa wa kupotea kirahisi. Ezéchiel wa Bukavu alikuwa na urefu wa mita mbili na ushee, kiasi kwamba Johannesburg nzima humgeukia akivuka barabara. Wiki iliyopita alitoka kwenye nyumba ya Steve, mtaa wa Kensington, nyumba wanamolala vijana wanaongoja kuchukuliwa na shule na vyuo vya Amerika, na hakurudi. Mama yake mdogo, Brigitte, msusi wa Yeoville, ndiye aliyemkodi Zabibu. Haraka yake ilieleweka. Ijumaa kulikuwa na ndege ya kumpeleka Ezéchiel kwenye shule ya bweni ya huko, na leo ilikuwa Jumatano.

"Niambie kitu kimoja," Zabibu alisema. "Kijana kama huyu huvutwa na nini? Akiwa na makocha watano wanaomtaka, anamfuata nani?"

"Watu hudhani ni viatu. Au ukumbi wenye taa, au picha za wale waliopita wakatajirika." Mahmoud alicheka kidogo. "Hivyo vinamfanya aangalie tu. Kijana humfuata yule aliyempigia simu mama yake na kumwita kwa jina. Mama akishasema ndiyo, kazi imekwisha. Steve hakumsajili Ezéchiel, alimsajili Brigitte. Na simlaumu, mimi mwenyewe hufanya hivyo."

"Kwa nini wewe hukumpigia?"

Mahmoud aliangalia watoto wake. Mmoja alikuwa amerusha mpira ukavuka uzio, na wenzake walikuwa wanamzomea.

"Viatu," alisema hatimaye. "Mwaka jana alikuja hapa na viatu vyekundu. Mwezi uliopita amekuja na vile vile, soli imesagika imekuwa laini kama sahani. Mtoto wa miaka kumi na sita, jitu kama lile, hamalizi soli. Mguu hukikimbia kiatu kabla hakijachakaa. Nimelea warefu wengi, nimenunua viatu mpaka mke wangu akanuna."

"Unataka kusema nini?"

"Sitaki kusema kitu. Mimi nafundisha mpira."

Zabibu aliendesha gari hadi Yeoville akilitafuna neno hilo. Kama Mahmoud alikuwa sahihi, mguu wa Ezéchiel ulikuwa umeshamaliza kukua, na mtu aliyemaliza kukua si mtoto. Lakini viatu si ushahidi. Wakili yeyote angelipuuza jambo hilo huku akipiga miayo.

Saluni ya Brigitte ilikuwa na viti vitatu, kioo kimoja kirefu na harufu ya mafuta ya nywele iliyokaba koo. Brigitte alikuwa anamsuka mwanamke mmoja rasta ndogondogo, vidole vikienda vyenyewe. Alikuwa mnene, mwenye uso wa huruma, na macho yalikuwa mekundu kwa kukosa usingizi.

"Maman Zabibu, umemuona?"

"Bado, mama Brigitte. Kwa Mahmoud hayuko."

"Lakini Steve alisema iko kule."

"Steve alikosea. Hebu nikumbushe, Ezéchiel ana miaka mingapi?"

Vidole vilisimama katikati ya rasta. "Kumi na sita. Si nilikuambia?"

"Uliniambia."

Zabibu aliinua macho, na hapo ndipo alipoiona picha. Alikuwa ameingia saluni hiyo mara mbili na mara zote aliangalia watu, akasahau kuta. Juu ya kioo, kati ya kalenda ya kanisa na bango la mitindo ya nywele, Ezéchiel alikuwa amesimama kwa shati jeupe na suruali ya buluu, sare ya shule za Kongo, huku kichwa, uso na mabega vimejaa poda nyeupe. Alikuwa anacheka mdomo wazi. Pembeni yake alisimama msichana aliyemfika kifuani, naye mweupe tupu.

"Hii ilikuwa siku gani?"

"Anniversaire, siku ya kuzaliwa," Brigitte alijibu upesi. "Michezo ya batoto tu."

Mteja aliyekuwa kitini aliitazama picha, akamtazama Brigitte kwenye kioo, kisha akaanza kusoma simu yake kwa bidii ya mtu anayesomea mtihani. Zabibu aliona yote hayo. Brigitte aliposema anakwenda nyuma kuchemsha maji ya kuchovya ncha za rasta, Zabibu aliinama karibu na sikio la yule mteja.

"Dada, huyu msichana nani?"

"Victoire, mushonaji. Anashonaka pale chini, Rockey Street, karibu na boucherie, pale banauza nyama." Kisha akaongeza kwa sauti ya chini zaidi, "Mi sikusema kitu."

Siku hiyo, inaonekana, hakuna mtu Johannesburg aliyekuwa amesema kitu. Zabibu alitoka na swali jipya. Msichana aliyemfahamu kijana tangu Bukavu alikuwa anaishi umbali wa kutembea, na mama mdogo mwenye macho mekundu hakumtaja hata mara moja.

Duka la Victoire lilikuwa dogo, limefunikwa vitenge ukuta hadi ukuta. Mwenyewe alikuwa amepiga magoti sakafuni juu ya kitambaa, anakata kwa mkasi mkubwa, pini mdomoni. Zabibu hakujitambulisha. Alisema anataka gauni la harusi ya mpwa wake, akasimama kupimwa, akalalamika kuhusu kiuno chake kama wanawake wote wanavyolalamika kwa fundi, na Victoire akacheka. Ukicheka na mtu ulinzi hulegea, na Zabibu aliishi kwa kulijua hilo.

"Nimeona picha yako kwa Brigitte," alisema akiwa amenyoosha mikono. "Umependeza, ila wamekumwagia unga wote wa nyumba."

"Haiko unga, maman. Ni poudre." Victoire aliizungusha tepu mgongoni kwake. "Kwetu Exetat ikitoka, kama umepita, famille wanakumwangia poudre. Unatembea nayo quartier nzima, watu wanapiga vigelegele. Hata kuoga hauogi."

Exetat ilikuwa mtihani wa taifa wa kumaliza sekondari. Zabibu alikuwa amesikia ukitajwa na wateja wake, wote kwa sauti ile ile, kama mtu anayetaja vita aliyorudi mzima.

"Kwa hiyo hata aliyefeli anaweza kujimwagia tu, akajifurahisha?"

"Hapana! Wapi?" Victoire alionekana kukasirika kweli. "Mutu hana diplôme, poudre ya nini? Watamucheka mpaka azeeke."

"Na Ezéchiel alipita?"

"Soixante-douze pour cent, sabini na mbili kwa mia! Alinishinda mi na wote. Ni promotionnaire wangu yule, tulifanya pamoja, miaka mbili ile..."

Tepu ililegea. Victoire alibaki ameishika hewani.

Zabibu alishusha mikono yake taratibu. Miaka miwili iliyopita. Kama Ezéchiel alikuwa na kumi na sita leo, basi alimaliza sekondari akiwa na kumi na minne, akiwa na mabega yale yaliyo kwenye picha, pamoja na msichana ambaye sasa hakupungua ishirini. Sasa soli ya Mahmoud ilikuwa imepata mwenzake. Steve na Brigitte walikuwa wamesafisha kila kitu, pasipoti, cheti cha kuzaliwa, ripoti za shule. Lakini picha hakuna aliyepata moyo wa kuitoa ukutani. Brigitte aliweza kumdanganya mpelelezi wake bila kupepesa, lakini hakuweza kuificha diploma ya kwanza katika ukoo wao. Zabibu alijikuta anamhurumia, na huruma ile haikumpendeza, kwa sababu ilikuwa inaingilia kazi.

"Victoire," alisema, "meza yako ya kukatia iko wapi?"

"Nini?"

"Fundi mzuri kama wewe, unakatia sakafuni, magoti yanauma. Alama za miguu ya meza ziko hapo kwenye zulia, tena za meza mbili. Ziko wapi?"

Victoire alianza kuikunja tepu. Alitazama pazia lililotenga chumba cha nyuma, akajuta kulitazama.

"Kitanda cha kawaida hakimtoshi," Zabibu alisema kwa upole. "Ukiunganisha meza mbili, anatosha. Mwite, tafadhali. Sikuja kumfunga mtu."

Pazia lilisogea lenyewe. Ezéchiel alitoka ameinama, na hata baada ya kutoka hakunyooka, kwa sababu dari la duka halikumruhusu. Alisimama shingo imelala upande, mikono mirefu haijui ikae wapi. Alikuwa amechoka. Alikuwa na ndevu za siku kadhaa, ndevu kamili za mwanamume, na Zabibu alijiuliza jinsi Steve alivyomlazimisha kuzinyoa kila asubuhi.

"Shikamoo, maman," alisema.

"Marahaba. Una miaka mingapi?"

"Ishirini." Alilitoa neno hilo kama mtu anayetua gunia. Kisha akaketi kwenye kibao cha cherehani, magoti yakamfika kidevuni.

Alieleza kwa ufupi, naye Zabibu hakumkatiza. Steve alimwona Bukavu kwenye mashindano, akamwambia maneno ambayo Ezéchiel aliyakumbuka moja moja: mrefu wa miaka ishirini ni mlinzi wa mlango wa supermarket, mrefu wa kumi na sita ni dhahabu. Brigitte alipigiwa simu, akaitwa kwa jina, akaulizwa habari za magoti yake yanayouma. Akakubali. Akaapa mahakamani kuwa kijana ni mtoto, na kwamba anamkabidhi Steve awe mlezi wake wa kisheria. Tangu siku hiyo Ezéchiel hakuweza kushika pasipoti yake, kusaini chochote wala kulala nje bila ruhusa. Alirudishwa darasani na watoto, akajifunza upya hesabu alizozimaliza zamani.

"Mwalimu ananisifu," alisema. "Anasema niko intelligent sana kwa umri yangu."

Victoire aligeuza uso ukutani.

"Sasa umekimbia nini? Ndege ya Ijumaa si ndiyo uliyokuwa unaingoja?"

"Ile ndege inanipeleka bweni, nikuwe mutoto miaka mbili ingine. Lakini mi sikukimbia ile peke yake." Alitazama viganja vyake. "Kuko kocha moja, wa chuo kidogo kule Nebraska, Amerika. Aliona video, akanipigia mi mwenyewe. Hakuuliza ninaruka aje. Aliuliza ninapenda kusoma nini. Tangu nifike hapa, ni yeye tu aliniuliza ile. Nikashindwa kumudanganya. Nikamwambia yote."

"Akasemaje?"

"Akasema, kwa sheria ya kwao, miaka inahesabiwa tangu umalize sekondari, kwa hiyo nimeshapoteza. Nitacheza miaka mbili, haiko ine. Lakini darasani nitakaa yote ine, na nafasi yangu iko. Anataka tu pasipoti ya kweli." Aliinua uso. "Steve alisikia, akachukua simu yangu. Nikimwendea polisi nikisema niko mutoto, watanirudisha kwake, yeye ni mlezi. Nikisema niko mukubwa, tantine Brigitte aliapa uongo. Watamufunga, ao watamurudisha Kongo. Ndiyo nikakuja hapa. Na hapa siwezi hata kutoka mlangoni, maman. Batu wote wataniona."

Zabibu aliupigia hesabu mkwamo ule, upande huu na upande ule, akaona njia moja tu. Brigitte aende mwenyewe mahakamani kesho asubuhi, na wakili, akakiri kabla hajashtakiwa. Mahakimu humwonea huruma anayekuja kwa miguu yake. Lakini lazima aende mwenyewe, na lazima aende kabla ya Ijumaa.

"Nitampigia," alisema.

"Usimwite."

"Bila yeye hatuna njia. Tena yeye ndiye mteja wangu. Nikimpata mtu, mteja hujua kwanza. Ndivyo ninavyofanya kazi siku zote."

Ezéchiel aliinamisha kichwa, akakubali kama alivyozoea kukubali. Zabibu alipiga. Alisema kijana yuko salama, yuko kwa Victoire, na kwamba Brigitte afunge saluni aje peke yake, kuna jambo la kuzungumza. Brigitte alilia kwa furaha kwenye simu mpaka Zabibu akaiondoa sikioni.

Walingoja. Victoire alipika chai. Zabibu alikuwa anampigia wakili aliyemfahamu aliposikia milango ya gari nje, na akajua kabla ya kuangalia kwamba mwenye saluni ya viti vitatu haji kwa gari lenye milango mingi hivyo.

Steve aliingia kwanza, Mkenya mtanashati wa miaka hamsini, koti la michezo, tabasamu lililonyooka. Nyuma yake aliingia sajenti wa polisi, Thabo, mtu wa Soweto ambaye Zabibu aliwahi kufanya naye kazi. Brigitte alikuwa wa mwisho, vidole bado vina mafuta.

"Madam, umefanya kazi poa sana," Steve alisema. "Mimi nilidhani utachukua hata mwezi."

Zabibu alimpa bega. Alimtazama Brigitte. "Nilikwambia uje peke yako."

"Steve alisema tukifika haraka, mambo itaisha hapa hapa, bila hakimu." Brigitte aliinamisha macho. "Alisema iko hivyo ndio Ezéchiel atapona."

Hasira ilimpanda Zabibu, kisha ikamgeukia yeye mwenyewe. Mahmoud alimwambia asubuhi kabisa ni nani aliyesajiliwa. Aliambiwa, akasikia, akatikisa kichwa, na bado amempigia simu mtu wa Steve na kumtajia mtaa.

Kumfichua mteja wake hakuweza, si mbele ya polisi, si bila wakili. Alibakiwa na kitu kimoja cha kufanya, na alikifanya kwa Kisotho, upesi, kabla Steve hajamshika kijana mkono.

"Thabo, kabla hujamgusa, muulize umri wake. Muulize yeye. Asijibiwe na mtu."

"Eish, Zabibu, nina karatasi za mahakama hapa."

"Muulize tu."

Thabo alikuwa polisi mzuri. Alimwashiria Steve arudi nyuma hatua moja, akatoa kalamu, akamtazama Ezéchiel juu. "Una miaka mingapi?" aliuliza polepole kwa Kiingereza, kama mtu anayeongea na mtoto.

Neno moja tu lilitakiwa. Zabibu aliliona limefika kwenye midomo ya kijana, limeshakaa tayari. Ezéchiel aliangalia sare ya Thabo. Akaangalia pingu kiunoni. Kisha akamwangalia mama yake mdogo, ambaye hakuwa anamwomba kitu, alikuwa analia tu na kujipangusa mikono kwenye aproni.

"Kumi na sita," alisema.

Victoire alitoa sauti ndogo, akajiziba mdomo. Thabo aliandika.

"Basi muulize kwa nini alikimbia," Zabibu alisema. Sauti yake ilikuwa imepanda bila yeye kutaka. "Muulize nani amechukua simu yake. Muulize kama anataka kupanda hiyo ndege."

Thabo alimtazama rafiki yake wa zamani, akaona kitu usoni pake, na kwa sekunde kadhaa akasita. Kisha akafanya inavyotakiwa kufanywa kila mahali pakiwa na mtoto. Alimgeukia Steve, mtu aliyetajwa kwenye karatasi.

"Wewe ndiye mlezi wake. Unaniruhusu nimhoji?"

Steve aliweka mkono kwenye mgongo wa Ezéchiel.

"Hapana," alisema. "Mtoto amechoka."